Mioyo Miwili ya Mwanasha

Ijumaa, 17 Machi 1961
Kliniki ya Likoni. Wajawazito kumi na saba, mkunga mimi peke yangu. Miguu yangu imevimba kuliko yao.

Wa mwisho Mwanasha, mke wa seremala. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Nikaweka pembe ya mbao tumboni, nikatega sikio. Moyo wa mtoto hukimbia, mapigo mia na zaidi kwa dakika. Huu ulikwenda taratibu, hata sitini haufiki. Nikasema ni wa mama. Wa mtoto sikuupata.

Nimemwambia mavyaa wake, mama wa mumewe, kwamba mtoto amekufa. Jumatano Mwanasha aende hospitali kisiwani, mtoto atolewe.

Mwanasha akasema, "Mbona acheza?" Nikamjibu ni maji tu hayo.

Jumapili, 19 Machi
Idi ilikuwa jana. Jirani kaleta biriani. Nimekula, ladha siijui.

Ukisikiliza tumbo, sharti umshike mama mkono, uhesabu na mshipa wake, ujue upi wake, upi wa mtoto. Ijumaa sikushika. Mwanasha alikuja mikono imefungwa vitambaa, hina ya Idi haijakauka. Niliona haya kumharibia. Hina! Mjinga mimi.

Jumatatu, 20 Machi
Nimekwenda kwao asubuhi. Mavyaa kaniitikia salamu kwa kichwa tu.

Nimeshika mkono, nimeweka pembe. Mama themanini na nne. Tumboni hamsini na sita. Nikarudia mara tatu. Mioyo miwili.

Nikasema, "Yu hai. Nilikosea." Mwanasha hakulia. Mavyaa ndiye aliyelia, akanitukana, haki yake. Nilidhani nitafurahi. Wapi.

Jumatano, 22 Machi
Hospitali. Daktari kasikiliza mwenyewe, muda mrefu. Kasema wapo watoto ambao moyo huenda hivyo tangu tumboni. Dawa hana. Aachwe akomae, nimsikilize kila wiki. Anachohofu ni siku ya uchungu: asiyejua atadhani mtoto anakata roho, ampasue mama bure. Kaandika barua, Mwanasha asiiache nyumbani.

Wangemtoa leo, hajakomaa, kwa neno langu.

Alhamisi, 27 Aprili
Kazaa hospitalini, bila kisu. Mtoto mwanamume. Mapigo hamsini na nne. Nimeandika kwenye kadi, nikaenda kufua.

Jumanne, 6 Juni
Arobaini yao imetimia. Nimekwenda kumtazama. Mtoto kanenepa, ananyonya, moyo ule ule wa polepole.

Akasinzia. Mwanasha akamfinya mguu, mtoto akalia, akambembeleza. Akasinzia tena. Akamfinya tena.

Nikamwuliza kulikoni.

"Tangu uliponambia amekufa, Bi Mkunga, akilala simwamini. Wallahi siwezi."

Nikamwambia, "Mwache alale, mwanangu."

"Inshallah," akasema. Mkono wake haukutoka mguuni mwa mtoto.