Kwako Tuanzie-Hapa, Uliyeanzia Matembezi Chumba cha Kufulia

Ni mwaka mmoja sasa tangu uondoke bila kuaga, wewe uliyekuwa ukimuaga hadi paka wa jikoni. Ulisema unajinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana. Tukakufunikia chai. Ilipopoa bila kuguswa, ndipo tulipojua.

Anayeandika kwa niaba ya familia ni mkeo, kwa hiyo makosa ya maandishi ni yake na sifa zote ni zako.

Miaka thelathini na moja uliwatembeza wageni wa hoteli, na ufuo mzima ulikujua. Kwenye pango la popo uliwanong'oneza wainamishe vichwa, na warefu kwa wafupi wakainama. Kwenye daraja la mbao kule mikokoni ulijua ubao unaolia na ubao unaodanganya. Kwenye mnara wa zamani wa taa ulipanda ukihesabu ngazi kwa sauti, na kila siku ngazi zilikuwa idadi nyingine. Na lile fungu la mchanga linalochomoza baharini maji yakipwa na kumezwa yakijaa, hukumchelewesha mtu juu yake hata mara moja. Hakuna mgeni wako aliyerudi ameumia. Hilo tunalisema kifua mbele.

Lakini safari yako haikuanzia huko. Ilianzia mlango wa nyuma, kwenye chumba cha kufulia, katikati ya mvuke na mashuka.

"Wageni wangu, tuanzie hapa," ulikuwa ukisema, na jina likakuganda. "Leo mtaona mazuri manne. Hili ni la tano, nalo linayashinda yote. Mikono hii ndiyo iliyowafulia mlichokilalia jana."

Na mkeo, nyuma ya pasi, alikuwa akijibu: "Mwongo huyo! Muulizeni nyumbani amewahi kufua nini zaidi ya uso wake!"

Wageni walicheka, hata wasiojua lugha.

Watu walikusifu kwa busara ile. Leo tunatoboa siri, na huna la kufanya. Siku yako ya kwanza kazini ulikosea mlango. Ulitaka bustani, ukajikuta chumba cha kufulia na wageni tisa nyuma yako. Msichana mmoja mwenye pasi akashtuka, shuka likaungua. Wewe, kuficha aibu, ukasema, "Wageni wangu, tuanzie hapa." Kesho yake ukakosea tena mlango. Siku ya tatu yule msichana akakuuliza, "Kaka, yaliyopotea ni macho au moyo?" Ukamjibu, "Dada, mimi nafuata ratiba tu."

Ratiba hiyo imezaa watoto wawili.

Basi kosa likakua likawa heshima. Meneja wa zamani alipokukataza kupeleka wageni uani, ulivua kofia ukamwambia taratibu, "Bosi, aliyeiona bahari asimwone anayemfulia shuka, huyo amefika nusu." Akakuachia njia. Tangu hapo wanawake wa pasi wakawa wanachana nywele kabla ya saa tatu asubuhi. Mama mkunja foronya alipostaafu, wageni walisimama wakampigia makofi. Tutajie mwingine duniani aliyepigiwa makofi kwa kukunja foronya.

Ulipoondoka, binti yako mkubwa alichukua kofia yako na kazi yako. Meneja mpya akachapisha karatasi ya sehemu za kutembelea: pango, daraja, mnara, fungu la mchanga. Nne basi. Akamwambia, "Fuata karatasi, la sivyo tutatafuta mwingine."

Binti alirudi nyumbani macho mekundu. "Mama, nifanyeje? Kazi naitaka, na baba namtaka."

"Mwanangu," mkeo akamwambia, "baba yako hakuwahi kufuata karatasi, hata ya daktari. Lakini usibishane na bosi wako. Wewe simama katikati ya ile milango miwili, kisha uwaache wageni wachague."

Akasimama. Siku hiyo walikuwapo wale wageni wazee, mke na mume, waliokuwa wakija kila mwaka na kukuletea soksi. Bibi yule akatazama mlango wa bustani, akatazama wa nyuma, akauliza, "Leo hatuanzii pale?"

Binti akamtupia jicho meneja, aliyekuwa papo hapo. Bibi akamshika meneja mkono. "Basi njoo utupeleke wewe."

Wageni wote wakafuata. Meneja akaingia chumba cha kufulia, miezi saba hotelini na hajawahi kukikanyaga. Wanawake wa pasi wakampa shuka akunje. Alivyolikunja, ungedhani limekunjwa na upepo. Wakacheka mpaka naye akacheka. Karatasi iliyochapishwa wiki iliyofuata ina sehemu tano. Ya kwanza unaijua.

Na wiki hii binti akamjia mkeo. "Vaa viatu, mama. Leo mgeni ni wewe." Maana mkeo hakuwahi kuziona zile nne. Saa zako za kutembeza zilikuwa saa zake za pasi, na siku ya mapumziko ulidai miguu yako imegoma.

Wakaanzia chumba cha kufulia, mkeo akawapigia makofi shoga zake. Pangoni akainama. Darajani akaukanyaga ubao unaodanganya, akautukana. Mnara una ngazi sabini na mbili, mume wangu, acha hizo zako. Mwisho wakafika kwenye fungu la mchanga. Maji pande zote, kwanza meupe, kisha ya kijani, kisha ya buluu isiyo na jina, na chini ya miguu mchanga msafi kuliko shuka lolote alilowahi kulifua. Mkeo akasimama, asiseme neno, jambo ambalo hukubahatika kulishuhudia.

"Mama, vipi?"

"Baba yako alikuwa mwongo."

Ulikuwa ukiyaona haya kila siku ya Mungu, na kesho yake unaingia kwenye ule mvuke, unawaambia watu kwamba sisi wa mikono ya povu tunayashinda. Miaka thelathini na moja hukubadilisha hata neno. Mwongo mkubwa wewe, na kila herufi ya uongo wako tunajivunia.

Wanaokukumbuka ni mkeo wa pasi, binti yako mwenye kofia, mdogo wake aliyerithi miguu yako pamoja na migomo yake, wajukuu wako wanne, dada yako, wanawake wote wa chumba cha kufulia, na paka wa jikoni, ambaye bado anasubiri kuagwa.

Daima tutakukumbuka, Tuanzie-Hapa. Nasi tukifika huko uliko, tutaulizia mlango wa nyuma.