Jina Lako na Shavu Langu

Shangazi Filomena,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu mkono umezoea, si kwa sababu nimekukumbuka kwa wema. Ni mimi Skola, binti wa kaka yako, yule uliyemtoa Mkumbi ukamleta Mbinga mjini kufagia nywele za watu. Nimejifungua. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Jumapili anabatizwa, na Baba amepanda gari kutoka Mkumbi mpaka huku Mbamba Bay, na mguu wake ule mbovu, kuja kuniambia jambo moja tu. Mtoto aitwe Filomena.

"Dada yangu hakuacha mtoto," amesema. "Jina lake libebwe na nani, kama si wewe uliyekaa naye?"

Unaujua ukoo wetu. Mtu akifa, anatafutiwa mtoto wa kumwita jina lake, ili aendelee kuitwa uani, atumwe maji, agombezwe, acheke. Bibi amepewa wajukuu wawili. Babu naye anaye. Wewe bado, na katika ukoo mzima mwenye tumbo lililozaa mwaka huu ni mimi peke yangu. Niliwaambia nitajibu nikishaongea na wewe. Wakadhani nitapanda kwenda kaburini kusali. Jibu limetoka kabla ya maongezi, lakini leo nimekaa jikoni na peni.

Kwanza upate habari. Saluni yako haipo. Mwenye nyumba hakungoja hata arobaini yako ipite. Chumba kile sasa anakaa fundi simu, na bango la Filo Saluni na Spa amelipindua akaandika mambo yake kwa nyuma. Kitanda kile cha "spa", ulichokinunua kwenye zahanati iliyofungwa, wamekichukua vijana wa gereji, wanalalia chini ya mwembe wao mchana. Rola niliitupa mimi, chooni, nikasimama pale nikasikiliza mpaka ilipofika chini.

Rola ile ililetwa na basi kutoka Dar, imefungwa ndani ya soksi. Nani mwingine Mbinga alikuwa nayo wakati ule? Mpini wa plastiki, gurudumu dogo kichwani, na sindano nyembamba zimelizunguka gurudumu lote. Ulinifundisha vizuri, hilo sikunyimi. Unaiosha kwa spiriti, unaipitisha usoni juu chini, kisha kushoto kulia, ngozi inatoboka vitundu usivyoviona, halafu yenyewe inajijenga upya na makovu yanajaa. Ulisema Dar wanawake wenye uwezo wanajifanyia nyumbani mbele ya kioo, na sisi tumechelewa tu.

Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipojaa, kila mmoja na mzani wake barabarani. Kahawa ikiuzwa, akina mama walishuka kutoka vijijini Ruanda na Mkumbi, magoti bado yana udongo wa ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo milimani, wanataka uso wa kwenye simu. Wanautaka, lakini wanaogopa. Sindano usoni si mchezo. Walikuwa wanaishika rola, wanaitazama, wanairudisha mezani na kuomba kusukwa.

Ndipo ukaniangalia mimi. Nilikuwa na vishimo vya chunusi mashavu yote mawili, na wewe ulijua jinsi nilivyokuwa nikijifunika kwa kanga hata wakati wa jua. Ulinilaza kitandani ukanifanyia shavu la kushoto. Mara ya kwanza nililia kwa maumivu. Ukarudia, ukaacha nipumzike, ukarudia tena, mpaka msimu ulipokwisha shavu lile likawa laini, nikawa nalipapasa hata nikiwa kanisani. Kama ungekufa wakati ule, Shangazi, mtoto huyu angekuwa na jina lako kabla hajatoka tumboni.

Nikakuuliza, la kulia tutaanza lini? Ukacheka. "Ukipona huku na huku, wateja nitawaonyesha nini?"

Nikadhani ni utani. Wewe hukuwa na utani kwenye biashara. Tangu siku hiyo nikawa mali ya saluni, pamoja na kioo na drayari. Mteja akiingia unaniita kutoka kwenye ndoo ya kufulia taulo, unanishika kidevu. "Geuka, Skola. Hili kabla. Geuka. Hili baada." Wakaniminya mashavu kama wanavyominya parachichi sokoni. Wakalipa, wakalala kitandani, wakaondoka na nyuso zao nzima, pande zote mbili. Mimi nikarudi kwenye taulo. Na kila nilipokuomba, na niliomba, unajua nilivyoomba, ulisema tungoje msimu upite. Msimu ukipita unasema, wakija wateja wa Kingerikiti je, nitawaonyesha nini? Rola ilikuwa droo ya juu, na ufunguo wa droo ulitembea nao kifuani.

Kuna mema pia. Nayataja ili usiseme nimekuonea. Nilipougua malaria ulinichemshia uji ukanilisha kwa kijiko, ukafunga saluni siku ya gulio, wewe, siku ya gulio. Jioni za baridi tulichoma mahindi kwenye jiko la mkaa, unanipa yale ya katikati, laini. Siku ya kujifungua, nesi alipofungua chupa ya spiriti, nililia kwa sauti. Wakadhani ni uchungu. Ilikuwa harufu ya mikono yako. Nilikulilia, Shangazi, na nilikasirika kwamba nakulilia, na mtoto akatoka katikati ya hayo.

Lakini turudi kwenye shavu.

Wateja wakaanza kunung'unika. Sisi tumekulia kwenye chale. Mganga akikuchanja kwa wembe lazima asugue dawa mle ndani, kwa sababu kuchanja ni kufungua mlango tu. Wewe ukawa unawachoma sindano, unawapangusa kwa maji safi, unawaambia basi, nendeni. Wakainuka na kinyongo. "Mama Filo, umetuchanja ukatuacha wazi. Dawa iko wapi?" Ulijaribu kuwaeleza kwamba sindano zenyewe ndiyo tiba, wakaguna. Baadhi wakaacha kuja. Na wewe mwenyewe, binti wa Mkumbi, chale za utotoni bado zipo kifuani pako, nikakuona umeanza kuamini kwamba kuna kitu kimepungua.

Ukakoroga dawa. Krimu ile ya kung'arisha, vidonge ulivyosaga kwa mchi, na unga mweupe ambao mpaka leo sijui ni wa nini. Mkorogo wa kupaka juu ya ngozi nzima tu unababua watu. Huu ulitaka kuuingiza ndani ya vitundu.

Wakati huo Deo alikuwa ameanza kuja. Unamkumbuka, muuza dagaa wa ziwani, aliyeacha magunia yake mlangoni ukamfokea kwa harufu. Alikuwa ameshasema wazee wake watapanda kuleta posa, na mimi nilikuwa sina haja nyingine duniani ila wanikute na uso mmoja.

Asubuhi moja ukaniita "Skola wangu". Hujawahi kuniita hivyo. Ukasema, "Leo ni zamu ya la kulia."

Nilipiga magoti, Shangazi. Nilikushika miguu nikashukuru.

Ukapitisha rola, ukaikandamiza kuliko siku zote. Kisha ukachovya vidole kwenye kikopo ukasugua, kama mganga anavyosugua. Nilipiga kelele. Ukaniwekea goti begani nisiinuke. Jirani yako anayeuza vitenge akachungulia kwenye pazia kuuliza kuna nini, nikakusikia kwa masikio yangu unamjibu, taratibu kabisa, "Mwache. Upande huo hauna cha kupoteza."

Hauna cha kupoteza! Lilikuwa shavu langu.

Likavimba mpaka jicho likafunga. Likatoa maji, likatoa usaha, likafanya gamba, gamba likaanguka na chini yake pakabaki doa jeusi limejikunja, kutoka sikioni mpaka karibu na mdomo. Unakumbuka ulivyokuwa unakuja kila asubuhi kuliangalia? Hukuwa unanijulia hali. Ulikuwa unaangalia kama dawa inafaa. Ulipoona haifai, ukaimwaga nyuma ya choo, na wateja ukawapaka mafuta ya mgando uliyoyatia binzari kidogo yawe ya manjano. Wakafurahi. Wakasema sasa ndiyo umejua kazi. Wengi walirudi, na nyuso zao zilipona vizuri sana.

Kwa ndugu ukasema nimerukiwa na mafuta ya maandazi. Nami nikaitikia, kwa sababu chakula changu kilikuwa kwenye sufuria yako. Mama akanionya niwe makini jikoni.

Wakaja wakwe. Wewe ndiye shangazi, wewe ndiye mwenye kauli, ukanikalisha ukutani, doa upande wa ukuta, ukaninong'oneza nisigeuze shingo. Nikaangalia mlango mpaka shingo ikakaza. Deo akasimama mbele ya wazee wote, kijana asiyetakiwa hata kusema siku hiyo, akasema, "Shangazi, mwache ageuke. Mimi muuza samaki, sinunui kitu sijakigeuza. Nilishamwona pande zote." Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Kisha ukapokea heshima yako ya ushangazi, kitenge na blanketi, ukavikunja vizuri.

Presha ilipokuangusha nilikuwa huku ziwani. Nilikuja. Wanawake waliokuosha wakaniita, wakasema mtengeneze shangazi yako uso, wewe ndiye fundi wake, watu wanakuja kuaga. Nikabaki na wewe na sponji. Nilikupaka poda pande zote mbili. Nikakuwekea wanja sawasawa, nikakupaka rangi ya mdomo ile ya zambarau uliyoipenda. Usidhani nilikuhurumia. Nilitaka kuona kama inaniuma kukufanyia upande wa pili. Haikuniuma hata kidogo. Ilichukua muda mfupi tu, Shangazi. Kumpa mtu upande wa pili ni kazi ndogo namna ile.

Kisha kanisani akasimama mwenyekiti wa jumuiya yenu, akasema katika miaka yote ya kazi yake, mama huyu hakumharibu uso mteja hata mmoja. Watu wakaitikia kwa kilio. Na ni kweli. Hakuna mteja.

Sasa jina.

Baba aliposema mtoto aitwe Filomena, unajua nilifikiri nini kwanza? Nilifurahi. Nikajiona nimekupata. Filomena, lete maji. Filomena, osha vyombo, urudie, havijatakata. Filomena, nani amekwambia ukae? Maisha yangu yote nikutume, ukue kwenye mikono yangu, uniombe kitu nami nikwambie tungoje msimu upite. Nilienda kulala na furaha hiyo, ilikuwa tamu, sitakudanganya.

Asubuhi nikamwosha mtoto kwenye beseni. Nikamshika kidevu nimfute shingo, nikamgeuza huku, nikamgeuza huku. Akanitazama. Hana hata kipele. Na mdomo wangu ukataka kusema lile neno lako, geuka, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamtoa majini na sabuni yake nikamkumbatia, blauzi ikalowa yote, na Deo akaja mbio akidhani mtoto ameteleza.

Baada ya hapo nikaenda nikamwambia Baba kila kitu. Rola, unga mweupe, goti, maneno yako. Maandazi hayakuwepo. Akaomba maji, akanywa. Halafu akasema, "Ameshakufa, mwanangu. Mwache. Ni ngozi tu." Kisha akasema yule ni dada yake wa pekee, na akaanza kulia, mzee mzima, kwenye kiti cha plastiki, watu wa ziwani wanapita wanamwona. Akaniomba kwa jina la mama aliyemzaa. Sijawahi kumwona Baba akimwomba mtu. Alisema asipopatikana mtoto sasa hatapatikana tena, maana yeye amechoka na ndugu wengine hawakujali, na dada yake atasahaulika kabisa, jina na sura.

Nilimwacha alie mpaka akamaliza. Nikampa kitambaa. Nikamwambia hapana.

Padri Jumapili akiniuliza, nitamtajia jina ambalo hakuna maiti yetu yoyote iliyowahi kulibeba. Deo amelichagua, ni jina la kawaida, wala halina hadithi. Baba amesema hatahudhuria. Ameshafunga mzigo wake. Kwa hiyo nimempoteza na yeye kwa ajili yako, hilo nalo liongeze kwenye madeni yako.

Huku nasuka nywele tu. Wanakuja wananiuliza kama nina ile rola ya kwa Mama Filo, wananiangalia shavu la kushoto. Nawaambia sina.

Kwaheri, Shangazi. Sitakuombea mabaya, sina muda, mtoto ameamka. Nakuahidi kitu kimoja na nitakitimiza. Jina lako halitaitwa nyumbani kwangu, si kwa upendo wala kwa hasira, na mimi nikifa hakutakuwa na atakayelikumbuka. Kama unasubiri kuitwa, usisubiri.

Skolastika