Saa ya Kinshasa, Malori ya Majengo

Goma, 3 Mei 2021

Yaya Kambere, mkubwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Mama pia, mguu tu unamsumbua. Habari za Kinshasa?

Nina hasira, nikuambie mapema. Programu yetu inayotuma tahadhari kwenye simu za watu wa mtaa wetu wa Majengo inategemea kifurushi chako cha saa, kile ulichoandika kuhesabu saa za miji. Kila toleo jipya mimi hulijaribu kabla ya kulipokea. Hili la sasa linahesabu Kongo nzima kwa saa ya Kinshasa. Goma tuko mbele kwa saa moja, au umesahau ulikozaliwa? Nimebaki na toleo la zamani. Rekebisha.

Mdogo wako, Kahambu

Kinshasa, 10 Mei 2021

Mdogo wangu,

Mimi mzima, joto tu. Mpe Mama pole. Maelfu wanatumia kifurushi changu na hakuna aliyelalamika ila wewe. Nitaangalia nikipata nafasi. Lakini toleo la zamani wezi wa mtandao wanaliingia kirahisi, usiling'ang'anie.

Yaya wako, Kambere

Goma, 2 Juni 2021

Kambere,

Leo sikuiti yaya. Tu hai.

Volkano ilipolipuka, tukaamriwa kuhama. Mimi nilitangulia mji wa Sake kupokea watu. Malori ya wasioweza kutembea yalipangwa kuondoka Majengo saa mbili asubuhi, nikaweka ujumbe wa kuwaita utoke saa moja. Ukatoka saa mbili, malori yakiondoka. Mama nilimwambia asitoke kabla ya ujumbe, akatii. Alifika Sake kwa miguu, siku mbili. Sasa hawezi kusimama.

Nimetafuta kosa nikakuta jina lako. Uliingia kwenye mashine yetu tarehe 25 Mei, ukaweka toleo jipya bila hata kunipigia simu. Funguo za kuingilia nilikupa kwa sababu wewe ni mkubwa. Kosa nililiona, nikakuambia, ukanidharau.

Kahambu

Kinshasa, 16 Juni 2022

Mdogo wangu Kahambu,

Hamjambo? Mama je? Mwaka mzima hujajibu barua zangu, na ni haki yako.

Nasikia waasi wameshika mji wa Bunagana na watu wanakimbia. Ujumbe wenu utahitajika tena. Nilidhani nawakinga na wezi, kosa ni langu. Nimerekebisha toleo, lakini sijalitoa. Lijaribu wewe kwanza. Ukikataa, halitoki.

Yaya wako, Kambere

Goma, 20 Juni 2022

Yaya,

Tu wazima. Mama anatembea kwa fimbo.

Nimejaribu. Goma sawa, Bunagana sawa. Lubumbashi, yenye saa moja na sisi, umeiacha kwenye saa ya Kinshasa, na huko pia kuna mama za watu. Kwa hiyo nimekataa. Rudia. Funguo zetu hupati tena.

Nilimsomea Mama barua yako. Akasema: "Umuambie Kambere, siku ndege itamuleta, akishuka ku avion hapa Goma, asinisalimie kwanza. Abadilishe saa yake ya mukono."

Mdogo wako, Kahambu