Leo Maji ni Yako, Baba Watoto

Baba Watoto,

Pole na lindo. Uji uko kwenye chupa ya chai. Kunywa, ulale kidogo, kisha chukua madumu mawili uende bombani. Ndiyo, wewe. Umesoma vizuri.

Binti yako nimempeleka shule. Alfajiri kwenye foleni ya maji nilimwona amesinzia wima, kama wewe lindoni. Tulipokwisha kuchota, dumu likamponyoka, maji yote yakamwagika. Akaniambia taratibu, "Mama, si afadhali niache shule tu, nikusaidie?" Wala hakulia. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilitolewa shule kwa sababu ya dumu kama hilo, na hakuna aliyeniuliza. Basi nikamfuta miguu, nikamshika mkono mpaka getini. Yule bibi ninayemfulia atanuna kwa kuchelewa kwangu. Na anune.

Najua utasema maji ni kazi ya wanawake. Maji yenyewe hayana habari hiyo. ~~Kama hutaki, acha, nitachota mwenyewe nikirudi.~~ Hapana. Mgongo wangu umegoma. Ukibisha, zungumza nao.

Kata ya kichwani iko nyuma ya mlango. Ukiona haya kujitwisha, beba begani. Wenzangu wa bombani wamekushikia nafasi, na wameahidi hawatakucheka ~~sana~~.

Mtoto akirudi asikute madumu matupu. Akukute wewe umelowa mabega.

Mama Watoto