Chumvi Yote ya Nyumba Hii

Lukozi, Lushoto
Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu mpendwa Jesca,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako aliyoniletea Kristian nimeipokea, marahaba sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Magoma, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha yule wa mwisho kimekwisha. Huku juu baridi imebana, ukungu haunyanyuki mpaka saa nne, lakini tunamshukuru Mungu: kabichi zimekaza, na ng'ombe wa kaka amezaa jike. Magoti yangu ndiyo hayo, usiyaulize, yatakujibu.

Pamoja na barua hii Kristian atakukabidhi ndoo ya mfuniko, nimeizungushia gundi ya karatasi. Tafadhali usiifungue kabla hujasoma mpaka mwisho. Nakujua wewe, mkono wako hutangulia macho. Tulia usome.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Ni hivi, nyumba ya kaka Timotheo kuta zake nyepesi, na wifi Evelina, ingawa kiharusi kimemlaza upande mzima wa kushoto, masikio kimemwachia. Hata nikikohoa jikoni ananiuliza nimekula nini. Tangu kaka aliponiomba nihamie hapa nimuuguze mkewe, maana yeye yuko barabarani na lori la mboga siku zote, sijapata mahali pa kusema neno langu. Basi nakuambia wewe.

Nianze na mama, kwa sababu yote yanaanzia kwake. Unakumbuka alivyokuwa akikaa pale sokoni, magunia mbele, sisi nyuma yake tunakunja karatasi. Watu hawakumuuliza bei, walimwambia wanapika nini. Wa makande alimpimia chumvi ya mawe ya Tanga, ile ya kijivu, akimwonya asiitie mpaka maharage yaive, maana ikitangulia maharage yanagoma. Wa kisamvu au mnavu alimkatia magadi kiasi cha ukucha, akasema ukizidisha hapo hupiki tena, unafua. Ile ya unga ya pakiti aliiita chumvi ya wageni. Inafaa kachumbari na mayai, inawahi kufika ulimini na inawahi kuondoka. Na mshunga, ile mboga yetu chungu, hakuutilia kitu ila maji ya majivu ya maganda ya ndizi, aliyoyachuja mwenyewe kwenye kopo la matundu. Mama yule, Jesca, ndiye aliyekufa akiomba munyu, chembe tu ya chumvi.

Hili sikuwahi kukuambia kwa sababu aliniapisha. Mama alipokuwa akiishi hapa kwa kaka, daktari alisema apunguze chumvi, presha imepanda. Apunguze, hakusema aache. Evelina akaifanya ndiyo sheria ya nyumba. Sufuria ya mama ikawa yake peke yake, makande meupe, mboga za maji matupu, ugali na maziwa yasiyo na kitu. Wao meza nyingine, samaki wa chumvi, harufu nyumba nzima. Mama akiomba hata chembe, anajibiwa daktari amekataza. Siku moja akaomba mbele za watu, na Evelina akacheka, akasema, "Bibi, umeuza chumvi maisha yako yote, bado hujashiba tu?" Watu wakacheka pia. Mama akacheka nao.

Nilipokuja kumwona na ndizi zangu, sikumkuta ndani. Nilimkuta zizini. Mama yetu alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, anamshikilia ndama shingo amsogeze, analamba lile jiwe la chumvi ya ng'ombe. Aliponiona akajifuta mdomo na kanga haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari. Akaniambia, "Raheli, usimwambie mtu. Usiniharibie nyumba ya mwanangu." Nikaapa. Akafa baada ya Pasaka, na kwenye msiba ulimsikia mwenyewe Evelina akisimama kusema alimlea mama kama yai. Akina mama wa kanisa wakamfunga kitenge kwa shukrani. Wewe ulilia ukamkumbatia. Mimi nilikuwa nachochea makande ya watu, moshi ukanisaidia.

Sasa ndipo Mungu akamlaza Evelina, na mimi nikakabidhiwa jiko. Najua, imeandikwa kisasi ni cha Bwana. Lakini Bwana huchukua muda wake, mdogo wangu, na mimi nilikuwa nimeshashika mwiko.

Nesi Hidaya, anayepita kumpima, alisema chumvi iwe kidogo mno. Mimi nikaifanya isiwepo. Nilitenga sufuria kama yeye alivyotenga. Nilimpikia mnavu bila magadi, mgumu na mchungu, nikamlisha kijiko kwa kijiko nikimwambia afungue mdomo, wifi yangu, upone. Kisha nikavuta kigoda nikakaa upande wa jicho lake zima na muhogo wangu wa kuchoma, na chumvi ya mawe kwenye kiganja. Nachovya, natafuna. Ile ya mawe inalia menoni, unaijua. Jicho lake lilikuwa linafuata mkono wangu kwenda na kurudi. Ulimi ulipoanza kumrudia, neno la kwanza lililotoka sawasawa lilikuwa chumvi. Nikamwambia, "Daktari amekataza." Kwa sauti yake yeye, Jesca. Nilikuwa nimeitunza.

Majirani wakija wananikuta nampangusa midomo, wanasema huyu ndiye mtumishi wa kweli. Mchungaji alinitaja madhabahuni. Nikainamisha kichwa.

Ningeendelea hivyo, ila akaja Witness, binti yake, kutoka Arusha anakofanya kazi kwenye hoteli ya watalii. Kaleta chupa ya kioo yenye kinu juu, ndani chumvi ya rangi ya waridi. Akasema shangazi, hii ni ya mlimani, wazungu wanakula, haina presha kabisa, mpikie mama uonavyo. Alipoondoka nikamuuliza nesi. Hidaya akacheka, akasema chumvi ni chumvi hata ukiivalisha gauni, na kwamba mgonjwa kama huyu akizidishiwa, kiharusi cha pili hakitamwacha.

Hapo nikasimama na ile chupa mkononi. Binti yake mwenyewe ndiye kaleta. Nani angeniuliza?

Jesca, nilimpikia. Nakuambia kama ninavyomwambia Mungu. Maharage, nikasubiri yaive kama mama alivyotufundisha, kisha nikazungusha kinu mpaka mkono ukachoka. Kesho yake tena, na kesho yake. Evelina alikula akitokwa machozi kwa utamu. Uso ukaanza kujaa, miguu ikavimba, akawa analalamika kichwa. Nesi akapima, akapima tena, akaniuliza anakula nini. Nikamwambia, "Kama ulivyoagiza." Nilisema hivyo nikiwa nimevaa beji ya umoja wa wanawake.

Jioni ile ile nilikuwa namlisha. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akasema, "Wifi, wewe una roho kunizidi. Mimi mama nilimnyima." Nikachota kijiko kingine. Akaendelea mwenyewe, maneno yanamtoka upande. Akasema alijua mama anakwenda zizini. Alimwona dirishani. Na kesho yake ndiye aliyemwambia kijana wa ng'ombe alitundike jiwe juu, kwenye boriti, ambapo ng'ombe anafika na bibi wa mgongo uliopinda hafiki. Akasema jambo hilo lilikuwa limemkaa kifuani na sasa amelitua, anasikia mwepesi. Halafu akafungua mdomo, akasema, "Niongezee kidogo."

Kijiko kilikuwa kimejaa. Nilikiangalia, nikamwangalia yeye. Alikuwa anatabasamu kwa nusu ya uso. Ndipo nikaelewa ninachokifanya. Nampeleka huyu mwanamke akiwa ameshiba, ladha mdomoni, moyo mweupe, ananiita mwema. Mama aliondoka na kipi kati ya hivyo?

Nikarudisha kijiko kwenye sahani, sahani nikaimwaga shimoni. Asubuhi nikamwambia nesi ukweli wa chupa, nikasema ujinga wangu, niliamini ya Witness. Dawa zikaongezwa. Uvimbe umeshuka. Ataishi.

Sasa fungua ndoo. Humo mna chumvi yote ya nyumba hii. Ya mawe ipo kwenye mfuko wa kitambaa, wekea samaki wako. Pakiti tatu za unga. Magadi yamefungwa karatasi ya gazeti, yaweke mbali na watoto. Chupa ya maji ya majivu ni ya mwisho aliyochuja mama, nilikuwa nimeificha. Pika mshunga siku utakayomkumbuka. Na kile kioo cha waridi, fanya utakavyo. Hata mimi nakula bila chumvi sasa. Nilitaka kujua mama alikula nini. Ni kama kutafuna nguo iliyofuliwa.

Usidhani nimemsamehe. Kila Jumatano akina mama wakija kwa maombi, naomba kwa sauti Bwana amzidishie Evelina miaka, amfikishe uzee mkubwa, na wote wanaitikia amina. Naomba kwa moyo wangu wote. Nesi anasema akiendelea hivi, mahindi yakikomaa atakuwa anatembea na mkongojo. Kutoka mlango wa nyuma hadi zizini si mbali.

Kitu kimoja tu sikukutumia, jiwe la ng'ombe. Lile jiwe nimelitoa kwenye boriti. Nimelifunga chini, usawa wa mtu aliyepiga magoti.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na wale wa jumuiya yako wote uwape amani yangu. Ukipanda kuja kutuona, njoo na machungwa, njoo na unga, ila usilete hata chembe ya hiyo niliyokuteremshia. Mungu akulinde, na uniombee mimi pia, ukiweza.

Wako daima katika Bwana,
dada yako,
Raheli