Nafasi Moja ya Uzamili

Kakuma 3,
Tarehe 9 Oktoba

Akiru dada yangu,

Ejok, kama mnavyosalimiana kwenu Turkana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba upepo wa Nariokotome unakuachia walau nafasi ya kupumua. Friji zako za chanjo zinatii siku hizi, au bado zinajizimia zinavyotaka? Mama yako nilimwona wiki jana nilipopita Nawoitorong. Goti limepoa, anasuka vikapu na wenzake, na analalamika kwamba hujaonekana tangu Agosti. Alishangaa kuniona bado nipo. Nilimwomba asikuambie, nitakuandikia mwenyewe. Akanimiminia chai, akaniita mwanangu. Ile chai sikuweza kuimaliza.

Sisi hapa kambini tupo. Mama yangu anakusalimu sana na anauliza utakuja lini kula muhogo wake. Mgao umepunguzwa tena, na sisi tumewekwa kwenye kundi la wanaojiweza, eti kwa kuwa nyumba yetu ina mwenye digrii. Mama anasema hajawahi kuona digrii ikichemshwa ikaiva. Anasema kwa kucheka, lakini siku hizi hucheka akiwa amenipa mgongo.

Barua hii ataileta Ereng, dereva wa gari la chanjo. Mtandao wa huko unaujua, na isitoshe, mambo haya nikiyasema kwa simu nitayapunguza njiani.

Sikusafiri kwenda Ubelgiji, Akiru. Niko hapa hapa ulikoniacha.

Hati ya kusafiria haikutoka. Niliiomba Aprili, wiki ile ile barua ya chuo ilipofika, nikapigwa picha, nikachukuliwa alama za vidole, nikaambiwa nisubiri. Nilirudi Mei. Nilirudi Juni mara tatu. Afisa anayenihudumia si mtu mbaya. Kila nikifika hugeuza kompyuta ili nione mwenyewe, na kila mara jina langu liko pale, Niyonkuru Liliane, na mbele yake neno lile lile kwamba ombi linashughulikiwa. Nilimuuliza nimwone nani. Akasema hata yeye hajui, angejua angekwenda mwenyewe. Ungekuwa na mtu wa kugombana naye ungegombana. Mimi sikumwona.

Profesa wa huko chuoni alinisogezea tarehe kwa wiki mbili, kisha kwa mwezi. Tarehe ishirini na sita Septemba akaandika kwamba masomo yameanza, maabara haiwezi kungoja zaidi, na nafasi imepewa mtu mwingine aliyekuwa kwenye orodha ya akiba. Ujumbe huo niliusoma nikiwa kwenye foleni ya maji. Niliendelea kusimama na mtungi wangu mpaka zamu yangu ikafika, nikajaza, nikaubeba nyumbani. Sikujua kingine cha kufanya.

Jumapili wanawake wa kanisa walikuja kunifariji. Waliketi uani, wakaimba, wakasema Mungu akifunga mlango huu atafungua mwingine. Mmoja alisema nimeonewa. Hapo nikaingia ndani nikafunika uso kwa khanga, wakadhani ni uchungu. Haukuwa uchungu. Ilikuwa aibu, na sasa nakuambia sababu yake, kwa maana nimeibeba tangu Novemba na imenishinda.

Unakumbuka siku ile kwenye karakana ya hospitali, Lodwar, tulipokuwa tumeifungua ile mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto wachanga? Ulitoa kichujio, ukakikung'uta, vumbi likamwagika mezani kama unga. Ukasema mashine hizi zimetengenezwa na watu wasiojua Turkana, na kwamba utasoma uhandisi wa kibayolojia mpaka uzamivu ili utengeneze moja inayoijua. Tulikuwa na kozi mbili za uzamili za kuchagua. Ile ya Afrika Kusini ilikuwa ya darasani tu, na ukiimaliza umemaliza. Ile ya Ubelgiji ilikuwa ya utafiti, yenye ufadhili, na anayefanya vizuri huendelea na uzamivu palepale. Wewe uliitaka ya Ubelgiji. Bando lako lilikuwa limekwisha, ukaniomba nikusomee masharti kwenye simu yangu.

Nilisoma. Kisha nikakuambia ufadhili ni wa wakimbizi peke yao.

Akiru, haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kwamba ni wa mwombaji yeyote kutoka Afrika Mashariki, na kwamba nafasi ni moja. Niliona neno lile, "moja", nikakutazama, nikajua tukiomba sote watakuchukua wewe. Nikajiambia kwamba wewe una pasipoti, una kwenu, milango yako ni mingi, na mimi nina huu tu. Uongo wenyewe haukuchukua hata dakika. Wewe ulipangusa mikono, ukasema, "Basi ni yako, Liliane. Usiiache."

Laiti ungeishia hapo. Ulinisahihishia barua ya maombi mara nne. Siku ya mahojiano ulinipa kompyuta yako, ukasimama mlangoni kuzuia watu wasipige kelele. Profesa aliponiuliza kwa nini nataka kusoma mambo haya, nilimjibu kwa maneno yako, yale ya mashine isiyoijua Turkana. Alitabasamu. Nadhani ndiyo yaliyonipa nafasi. Wewe uliomba Afrika Kusini, wakakukubali bila ufadhili, ukakunja barua yao ukaenda Nariokotome. Hukulalamika hata siku moja. Mwezi wa nne uliponipigia kunipongeza ulipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Pasipoti niliyokuonea wivu ndiyo iliyokosekana. Ungekuwa wewe, leo ungekuwa maabara.

Wiki jana nilimwandikia profesa, nikamweleza yote pamoja na jina lako, nikamwomba akuchukue wewe. Alijibu kwa upole kwamba aliyepewa amekwisha kuanza, naye hawezi kumwondoa. Aliongeza kwamba maombi ya mwaka ujao yatafunguliwa tarehe mosi Desemba na kwamba angependa kusoma ya kwako. Nimechapisha ukurasa wa masharti huko Lodwar nikautia ndani ya bahasha hii. Usome mwenyewe kila mstari. Usiniulize mimi unasema nini.

Ningependa kukuambia kwamba mwaka huu siombi nafasi hiyo ili nikuachie wewe. Ungekuwa uongo wa pili. Siombi kwa sababu sina hati, na jana nilipokwenda afisa aligeuza kompyuta, na neno lilikuwa lile lile.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitaelewa. Ukitaka kumwambia mama yako, mwambie, ili siku nyingine akinipa chai ajue anampa nani.

Mama yangu, ambaye hajui lolote kati ya haya, anasema salamu zake zikufikie kabla ya zangu. Wasalimie wauguzi wa zahanati. Funika mdomo unapofungua mashine, vumbi la huko si la mchezo.

Wako, kama bado ninaruhusiwa kuandika hivyo,

Liliane