Zaituni Ananipimisha Maelezo Yake

Jumanne, Ngagara

Eti rahisi! Mjukuu wangu Zaituni ametengeneza maktaba ya programu, vipande vya msimbo ambavyo watengenezaji wengine wanaweza kuvitumia, lakini wageni wakiifungua wanakimbia. Leo akanikalisha mbele ya ordinateri, kompyuta yake, nipime README, yale maelezo ya kuanzia.

"Babu, ukiweza we, kila mutu ataweza."

Asante kwa heshima.

Mstari wa kwanza: "Ni rahisi sana." Nikamwambia: "Toa! Nilipokuwa fundi wa magari gereji, sikumwambia mteja hivyo hata siku moja. Akishindwa atajiona mjinga, aende kwa fundi mwingine. Nionyeshe kwanza pa kuwashia."

Akafuta, akaipandisha juu amri ya kuanzia. Nikainakili, programu ikawaka! Zaituni akapiga vigelegele.

Sijamwambia kwamba chini ya hapo sikusoma hata neno. Atanuna. Lakini wageni wake wakiwa wavivu kama mi, basi tumewapata.